Nepi nene za kitambaa na mikanda ya kiti cha mtoto cha gari

Mama Pili
Habari zenu, wazazi wenzangu. Mwanangu ana miezi mitano na tangu azaliwe anavaa nepi za kitambaa za kukunja, pamoja na kifuniko cha nje kisichopitisha maji. Nyumbani sina tatizo. Tunapotoka naye kwa gari, hata hivyo, humvalisha nepi mbili ili zihimili safari, na hapo kifungio cha katikati ya miguu hukataa kuingia mpaka niibonyeze nepi kwa mkono, na nikimtoa nakuta mapaja yana alama nyekundu. Mkojo nao huvuja, kwa hiyo nimezoea kumtandikia taulo iliyokunjwa. Kiti chake kinatazama nyuma. Je, unene huu unaharibu kazi ya mikanda, au ni hofu yangu tu?

Baba Salama
Hofu yako ina msingi, Mama Pili, ingawa kosa si la nepi ya kitambaa kwa jumla. Mikanda humshika mtoto mabegani na nyongani, ilhali nepi kwa sehemu kubwa hukaa chini ya makalio na katikati ya miguu, tofauti na koti zito ambalo hujaa kifuani, chini kabisa ya mkanda. Gari likigonga, koti husinyaa ghafla, na mkanda uliodhaniwa umebana huwa umelegea. Nepi zikirundikwa zinaweza kuleta hali hiyo kwa kiasi kidogo pale nyongani.

Mimi hutazama kwanza jambo jingine: je, makalio yamegusa mgongo wa kiti? Rundo la kitambaa likiwa nyuma ya kiuno, nyonga husukumwa mbele, mtoto hujikunja, kidevu hushuka kifuani, na kwa mtoto ambaye shingo yake bado haijakaza njia ya hewa inaweza kubanwa.

Fanya jaribio gari likiwa limesimama. Mvalishe nepi mbili, mkalishe, vuta ulegevu wa mikanda kutoka nyongani uende mabegani, halafu kaza mpaka usiweze kuufinya mkanda juu ya mtulinga ukapata mkunjo. Sasa mfungue bila kugusa urefu wa mikanda, mvalishe nepi moja nyembamba, mrudishe na umfunge tena. Ukiona mkanda unafinyika kwa urahisi, ulegevu huo ndio uliokuwa umefichwa na nepi. Nilipolifanya jaribio hili kwa koti la binti yangu, ngumi yangu nzima ilipita chini ya mkanda. Tangu siku hiyo koti humfunika juu, baada ya mikanda kufungwa.

Dereva wa Watatu
Taulo iondoe leo hii, dada. Kitu chochote kinachowekwa chini au nyuma ya mtoto, ambacho hakikuja na kiti wala hakikuruhusiwa na mtengenezaji wake, hubadilisha namna mtoto anavyokaa, na taulo husinyaa na kuteleza. Angalia pia kijitabu cha kiti: vipo viti ambavyo mkanda wa katikati ya miguu una nafasi mbili au tatu, na huenda wako bado uko ile ya ndani kabisa, ya mtoto mchanga.

Bibi wa Sita
Mwanangu, usikimbilie kuziacha nepi zako. Kuvuja huko mara nyingi hakutokani na uchache wa nepi. Kitambaa cha maikrofaiba hushika maji kama sifongo, na mkanda ukikiminya huyaachia yote; katani laini ya nguo (hemp, si ya mkonge) au pamba iliyofumwa kwa kubana huvumilia vizuri zaidi, tena kwa unene mdogo. Ikunje ili sehemu nene iwe mbele kwa mtoto wa kiume, na katikati kwa wa kike, na nyuma ya kiuno ibaki tambarare. Kama bado unatumia pini, ndani ya gari tumia vishikizo au velkro, maana pini hukaa palepale mkanda unapopita nyongani.

Mkojo ukishafika kwenye mikanda, usiiloweke wala kuitia dawa ya kung'arisha nguo, kwani nyuzi zake zinaweza kudhoofika. Ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni isiyo kali, kisha ikauke yenyewe. Kitambaa cha kiti fua kama lebo yake inavyoelekeza.

Mama Pili
Nawashukuru nyote. Nimefanya jaribio: kwa nepi moja mkanda ulifinyika waziwazi begani, na nilipompapasa mgongoni akiwa na nepi mbili, kiganja changu kilipita kati ya kiuno chake na kiti. Kijitabu kinaonyesha kwamba mkanda wa katikati ulipaswa kusogezwa nafasi ya pili tangu alipozidi uzito uliotajwa kwa ile ya kwanza, nami sikuwa nimeusogeza. Kwa nepi moja ya katani kifungio sasa kinaingia bila kusukumwa. Safari ya jana tulisimama mara moja kumbadilisha, na nikaikaza mikanda upya kabla ya kuondoka.

Baba Salama
Vizuri sana. Alama za mapajani, je?

Mama Pili
Jana hazikuwepo, isipokuwa mstari mwembamba wa lastiki ya kifuniko, ambao ulifutika kabla hatujamaliza kushusha mizigo.