Safari za familia na skauti: tunawezaje kuchanganya na kusaka makopo ya jiokeshi hapa Dar?

MamaWatatu_Tabata

Habari za Jumapili wakuu,

Naombeni ushauri, hasa kwa waliolea watoto kwenye skauti na wanaoijua michezo ya GPS.

Mume wangu ni kiongozi wa skauti tangu nimfahamu, na watoto wetu watatu (miaka 13, 10 na 6) wote wamevaa skafu. Kila mwisho wa mwezi tunatoka na familia nyingine mbili: mara Pugu, mara Bagamoyo, mara fukwe za Kigamboni. Watoto wanawasha moto, wanapika, wanafunga vifundo, wakati mwingine tunalala kwenye mahema. Katika mwezi mzima sina siku ninazozipenda kama hizo.

Juzi kati kaka yangu alikuja likizo kutoka Ujerumani akatuonyesha jiokeshi. Kwa asiyejua: mtu anaficha kopo lenye daftari dogo ndani, anaweka namba za mahali lilipo kwenye programu ya Geocaching, wewe unazifuata kwa simu mpaka ulione, unaandika jina na tarehe, unalirudisha palepale. Ukichukua kitu kilichomo, unaacha kingine cha thamani ileile. Kijana wangu wa 13, ambaye siku hizi kumtoa nyumbani ni kazi, safari iliyofuata alikuwa wa kwanza kuingia kwenye gari.

Lakini baba yao hajaridhika. Anasema mtoto anayetembea macho kwenye kioo hajifunzi kusoma njia. Namwelewa, maana nimewaona wakipita kando ya nyayo za nyani hata hawakuziangalia. Halafu watoto ni tisa, simu yenye bando ni moja, ugomvi hauishi.

Linaloninyima raha zaidi ni lililotokea Kigamboni. Mwanangu wa 10 alikuwa amepiga magoti chini ya mkungu, anapapasa kwenye mizizi. Akatokea baba mmoja na baiskeli, akasimama. "Mnazika nini hapo?" Kabla sijajibu wakawa watu wanne, kisha kumi. Mama mmoja akawa anatazama mikono ya mtoto tu. Tulieleza karibu nusu saa, na kopo lenyewe hatukulipata. Kwenye gari mwanangu akaniuliza, "Mama, kwani tulikuwa tunafanya kitu kibaya?"

Nifanyeje? Niuache mchezo huu, au kuna namna ya kuuingiza kwenye safari zetu bila kuharibu skauti na bila kutishana na watu? Natanguliza shukrani.

Kijana wa Buza

Dada, hiyo "keshi" ni pesa? Anayeficha anapata nini?

MamaWatatu_Tabata

Hapana ndugu yangu, hakuna pesa. Neno limetoka kwenye Kiingereza, lina maana ya akiba iliyofichwa. Kwa alivyonieleza kaka, mwezi Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuchafua makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, vifaa vikaanza kuonyesha mahali kwa usahihi mkubwa zaidi. Siku iliyofuata, tarehe 3, bwana mmoja akaficha ndoo porini jimbo la Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti ili aone kama kuna atakayeifikia. Ikafikiwa. Anayeficha anapata furaha ya kusoma majina ya waliofika, basi.

Mwana wa Mbagala

Mama, kilichowakuta Kigamboni mimi hakinishangazi. Kwetu mtu akiona kikopo kimefungwa vizuri, kimewekwa kwenye mizizi ya mti, ndani kuna karatasi zenye majina ya watu, atafikiri nini? Wewe mwenyewe ukikikuta nyuma ya nyumba yako utafikiri nini? Watu wale hawakuwa na roho mbaya, walikuwa wanalinda mtaa wao.

Huko Ulaya wachezaji hufundishwa kutafuta kwa siri ili wapita njia wasijue. Hapa siri ndiyo itakayowaponza. Fanyeni kinyume chake. Mkifika, kabla mtoto hajainama popote, baba yao akiwa na skafu shingoni aende kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, asalimie, aonyeshe simu, aeleze. Dakika tano tu. Na mkimwomba mjumbe awape kijana mmoja wa pale mtembee naye, tayari mmekuwa wageni wa mtaa.

La pili ni zito kwangu. Wamarekani wanapenda kutumia masanduku ya chuma ya risasi za jeshi kwa sababu hayapitishi maji. Mimi nilikuwepo Mbagala Aprili 2009 ghala la jeshi lilipolipuka, na Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto. Vyuma viliruka mpaka kwenye nyumba za watu. Mnaelekea Pugu kwa njia ileile, kwa hiyo wafundisheni watoto wote tisa: chuma chochote wasichokijua, kikiwa chini au kimefukiwa nusu, hakiguswi wala hakipigwi jiwe. Wanarudi nyuma, wanamwita mkubwa. Kopo la mchezo likiwa la chuma, liacheni. Hesabuni mmelikosa.

Rova Mstaafu

Mama, mwambie mzee mwenzangu hapo nyumbani kwamba hofu yake ni ya kweli, ila dawa ipo. Nimeongoza vijana miaka mingi na jambo hili nimelijaribu.

Simu iwe na kiongozi, isishikwe na mtoto. Mkiwa mbali kidogo na kopo, tuseme mita 200, kiongozi asome vitu viwili tu: umbali na uelekeo. "Mita 180, nyuzi 70." Kisha simu inaingia mfukoni. Kuanzia hapo kazi ni ya dira na miguu. Mtoto mmoja anashika dira, anachagua mti au jiwe lililo kwenye mstari wa nyuzi 70, wanauendea. Mwingine anahesabu hatua. Wa tatu anatazama chini na kando: nyayo, kinyesi cha mnyama, tawi lililovunjika. Wa nne anaacha ishara za njia kwa watakaofuata nyuma. Mkimaliza hatua zenu na kopo halionekani, hapo ndipo simu inatoka tena, mara moja. Wakibadilishana kazi kila kopo, watoto tisa hawatagombea simu moja.

Hesabu ya hatua ifanyeni nyumbani kwanza. Pimeni mita 100 kwenye uwanja wa mpira, kila mtoto azitembee mara tatu akihesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga, achukue wastani, aandike ndani ya kofia. Mkubwa anaweza kupata kama 65, mdogo wa miaka 6 akafika hata 100. Namba hiyo ni ya kwake, na ataikumbuka.

Mnaona kwamba GPS hapo haijaua kitu. Ya simu huyumba mita tano mpaka kumi, chini ya miti minene hata zaidi. Inakufikisha jirani tu. Mita kumi za mwisho ni za macho, na macho ndiyo tunayoyafundisha kwenye skauti tangu Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowapeleka wavulana kisiwa cha Brownsea huko Uingereza mwaka 1907. Kaburi lake liko Nyeri, hapo jirani zetu Kenya, na kwenye jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati, ishara ya njia inayosema "nimekwenda nyumbani". Waambieni watoto habari hiyo siku mnayofundisha ishara. Mimi kila nikiieleza, kikosi kizima hunyamaza.

Kama eneo mnalokwenda halina makopo, tengenezeni yenu ya siku moja. Kiongozi anatangulia asubuhi, anaficha makopo matatu, anaandika namba zake, na jioni anayakusanya yote na kuondoka nayo. Hamsajili popote wala hamwachi kitu.

BintiPwani

Naongeza dogo kuhusu namba, maana sisi zilituponza. Programu huandika nyuzi na dakika, mfano kusini 6° 48.600'. Ramani nyingi za simu zinataka nyuzi zenye desimali. Shemeji yangu aliingiza 6.48600 moja kwa moja. Haiko hivyo: 48.6 unaigawa kwa 60, unapata 0.81, kwa hiyo ni 6.81000. Ramani ikatuonyesha kilomita zaidi ya 35 kaskazini, katikati ya bahari, na watoto walishapanda gari na maji yao. Wafundisheni wa 13 na wa 10 hesabu hiyo, ni somo zuri kabisa.

Na kama mnapenda fukwe, tazameni jedwali la maji kabla ya kuondoka. Bamvua, yaani maji makubwa, linapoingia, tofauti ya kupwa na kujaa hapa Dar hupita mita tatu. Mahali mlipopita asubuhi kwa miguu kavu, mchana hapapo.

Nesi Msafiri

Mkono wa mtoto usiingie shimoni. Kwenye mizizi, kwenye mwanya wa jiwe, chini ya gogo, inaanza fimbo, kisha tochi, kisha mkubwa. Moma, lile joka nene lenye sumu, halikimbii, linabaki limelala palepale mpaka likanyagwe. Viatu vya kufunika, siyo kandambili. Na mjue kabla hamjatoka ni hospitali gani iliyo karibu na mnakokwenda.

Mzee wa Msitu

Nimesoma ushauri wote, ni mzuri, lakini mimi nina wasiwasi na makopo ya kudumu. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Huwezi kuingia na kuacha vitu vyako tu kwa sababu ni vidogo. Leo kopo moja, kesho njia mpya ya miguu kuelekea kopo, keshokutwa miche imekanyagwa. Msitu ule umeshakatwa mkaa vya kutosha. Visiwani Mbudya na Bongoyo nako ni hivyo hivyo, ni maeneo tengefu ya bahari.

MamaWatatu_Tabata

Shikamoo Mzee wa Msitu. Nimekuelewa. Sisi hatutaki kuacha kopo bila ruhusa. Na kama mtu anataka kuweka la kudumu, sheria za mchezo wenyewe zinasemaje?

BintiPwani

Zinakubaliana na mzee. Kopo halifukiwi ardhini, labda mwenye eneo aruhusu waziwazi. Mwenye eneo lazima aridhie. Liwe angalau mita 161 kutoka kopo jingine, na uwe unaishi karibu uweze kulitazama, likilowa ubadilishe daftari. Chakula hakiwekwi ndani. Reli, madaraja, shule na maeneo ya jeshi, kaa mbali nayo. Hapa kwetu ongezeni moja: msilifunge na mifuko ya plastiki ya kubebea, imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Tafuteni chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kuzungusha. Na bandikeni maelezo kwa Kiswahili juu yake, herufi kubwa: huu ni mchezo, ndani kuna daftari, fungua uone.

Ila kuna aina isiyo na kopo kabisa. Unafika mahali, unatazama mwamba au ardhi, unajibu maswali ya jiolojia. Watoto wenu wakisimama kwenye majabali yenye ncha pale Oysterbay wamesimama juu ya matumbawe ya kale ambayo sasa yako juu ya maji. Waulizeni wanaona maumbo gani ndani ya jiwe. Hamuachi kitu, hamuondoi kitu.

Mwana wa Mbagala

Hiyo ya mwisho ndiyo nzuri kwa mjini. Hakuna cha kumtia mtu shaka.

MamaWatatu_Tabata

Wakuu, narudi na mrejesho. Jumamosi tulikwenda Pugu.

Wiki nzima watoto walipima hatua zao uwanjani. Wa 13 ana 71, wa 10 ana 80, mdogo amepata 97 na anamwambia kila mgeni anayeingia nyumbani. Tulipofika, baba yao alikwenda kwanza kwa maofisa wa msitu, akaonyesha chupa tatu, akaeleza kwamba jioni zinaondoka. Ofisa mmoja akasema twende wote, naye akatuonyesha sehemu ambayo tusipeleke watoto. Tulitembea naye asubuhi nzima, na majina ya miti aliyoyajua yeye mimi nisingeyapata kwenye simu.

Chupa ya kwanza ilichukua dakika arobaini. Simu ilitoka mfukoni mara mbili. Kijana wangu alishika dira kwa mikono miwili, kaibana kifuani, anatembea taratibu kama amebeba maji, na kila baada ya mti anageuka kuwauliza wenzake wamefika hatua ya ngapi. Nilimwangalia baba yake. Hakusema neno, alikuwa anamfuata nyuma kwa mbali kidogo ili asimwingilie.

Chupa ya tatu aliiona mdogo, imeegemea gogo chini ya majani makavu. Hakuigusa. Alisimama akaita, "Fimbo! Leteni fimbo!" Ndani ya daftari kila mtu aliandika jina. Yeye aliandika lake, halafu akachora duara na nukta katikati.

Mwezi ujao tunarudi Kigamboni, mkungu uleule. Baba yao anataka kwenda peke yake wiki moja kabla, amtafute yule baba wa baiskeli. Mwana wa Mbagala, aende na nini mkononi, au aende mikono mitupu?

Mwana wa Mbagala

Aende na mwanae. Huyo huyo wa miaka 10.