Sauti ya kompyuta imekuwa ndogo sana, nimejaribu kila kitu. Naombeni ushauri kabla sijachukua sabufa nyingine

Ndizi_Mshare
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, Pasua. Nina desktopu ya mtumba hapa nyumbani mwaka wa nne huu haijawahi kunisumbua, inatumia Windows 10, nimeiunganisha na kasabufa kadogo ka spika mbili. Sasa tangu mwezi wa tano hivi sauti inapungua taratibu, mwanzo nilikuwa naweka 40 inatosha, ikaja 60, ikaja 80, sasa hivi niko 100 kwenye kompyuta na kitufe cha sabufa nimezungusha mpaka mwisho na bado naisikia kwa mbali. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mziki unasikika, besi inadunda vizuri tu, ila maneno hamna. Jana saa mbili usiku naangalia taarifa ya habari, midomo ya mtangazaji naiona inacheza ila nasikia kama mtu anaongelea ndani ya debe. Nimefuta draiva nikaweka upya, nimebadilisha waya, nimeingia VLC nikavuta mpaka 125 ikaanza kukwaruza. Kuna jamaa mjini ana sabufa kubwa ya wati za kutosha anasema itamaliza tatizo. Je nichukue hiyo au tatizo ni saundi kadi? Naombeni majibu mapema maana hapa nyumbani hali siyo nzuri.

fundi_Pini
Pole mkuu. Usinunue kitu kwanza. Mziki upo maneno hamna, mimi hiyo nimekutana nayo mara nyingi hapa Arusha, ni pini. Chomoa huo waya uliobadilisha uangalie pini ina mistari mingapi myeusi. Ikiwa miwili ni ya kawaida, ikiwa mitatu ni ya simu yenye maiki, hiyo kwenye tundu la kijani la kompyuta inaweza isikae sawasawa waya wa ethi ukawa haugusi, spika ikabaki inapata ile tofauti tu ya kushoto na kulia. Na sauti ya mtu anayeongea huwa inawekwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo inajifuta yenyewe. Watu wanabeba desktopu nzima kwenye bodaboda wananiletea, nasukuma pini kidogo tu, tap, mtu anaongea. Elfu tano.

Mbege_Baridi
Mangi dawa ni moja tu, sogeza kiti.

Kijenge_Juu
Mimi nilihangaika na hiki kitu wiki mbili nusura niuze mashine. Nenda kwenye setingi za sauti za zamani, zile zinazofunguka kwenye kidirisha kidogo, kuna sehemu ya mwisho ya komunikesheni. Windows ikihisi unapiga simu kwa kompyuta inashusha sauti nyingine zote kwa asilimia 80 na hiyo ndiyo inakuja imewekwa tangu mwanzo, weka ile ya mwisho kabisa inayosema isifanye kitu. Mimi kumbe kulikuwa na kikao cha Zoom cha kamati ya harusi sijakifunga, kiko nyuma huko kimya, kompyuta inajua bado naongea na watu. Na kwenye hicho kikao walikuwa wananisikia nikimsema mwenyekiti kwamba michango inaliwa. Ile harusi sikualikwa.

Mwl_Mstaafu
Nyie vijana mnapenda makelele. Sisi tumekua na redio moja ya mbao nyumba nzima, betri zikiisha nguvu tunaanika juani zipate pumzi, tunasikiliza RTD, redio ya taifa ya enzi hizo, watu kumi na tano na hakuna aliyesema sauti ndogo kwa sababu tulikuwa tunajua KUNYAMAZA. Leo mtu yuko peke yake sebuleni anataka wati mia tano. Nyamazeni mtasikia.

MamaWawili
Mimi kompyuta sijui ila nimesoma mara mbili sijaelewa. Sauti ndogo inaletaje hali mbaya nyumbani? Sauti ikiwa ndogo si ndiyo amani?

Ndizi_Mshare
@fundi_Pini nimeangalia pini ina mistari miwili, nimesukuma mpaka tundu limelia. @Kijenge_Juu nimeweka isifanye kitu, hamna mabadiliko. Balansi ya kushoto na kulia nayo nimeangalia ziko sawa. @MamaWawili ni mambo ya kawaida tu ya nyumba, turudi kwenye mada. Hiyo sabufa kubwa je?

fundi_Pini
Jaribu kuchomeka simu kwenye hiyo hiyo sabufa utuambie. Ikiwa ndogo kosa liko kwenye sabufa, ikiwa kubwa kosa ni la kompyuta.

Ndizi_Mshare
Nimejaribu simu, nayo ndogo. Nikachomeka kompyuta kwenye redio ya shemeji yangu alikuja nayo kutoka Kibosho, nayo ndogo. Kwa hiyo inawezekana vyote vimechoka pamoja, si mnajua umeme wetu unavyopanda na kushuka.

Mbege_Baridi
Kompyuta, simu, sabufa na redio ya shemeji vyote vimechoka mwezi mmoja 😂 hapo mangi umelogwa, rudi kijijini ukaongee na wazee.

MamaWawili
Baba nanihii, mkeo anasemaje kuhusu hiyo sauti?

Ndizi_Mshare
Mama watoto hana utaalamu wa kompyuta.

MamaWawili
Sijauliza utaalamu. Nimeuliza anasemaje.

Ndizi_Mshare
Sawa, maana mmekazana. Anasema inapiga kelele. Anasema watoto hawasomi, anaingia anaipunguza mimi napandisha, wiki hii amehamia chumba cha watoto. Na mpangaji wa upande wa pili amegonga ukuta mara mbili, juzi akaja mpaka mlangoni akaniuliza mzee kuna sherehe? Lakini huyo mpangaji ana kisa na mimi tangu zile bili za maji. Na mke wangu ni mtu anayesikia paka akikanyaga bati nyumba ya tatu, huwezi kumtumia kama kipimo. Hela ya sabufa nimeshatanguliza elfu 40, nimebakiza laki na ishirini, kwa hiyo nilichokuwa naomba hasa ni mniambie kama wati hizo zinafaa kwa chumba cha futi 12 kwa 12.

Mbege_Baridi
😂😂😂 "naomba ushauri" kumbe ameshalipa. Kama mtu anayeuliza njia ya kwenda Himo akiwa ameshafika Himo.

fundi_Pini
Ngoja, mimi nirudi nyuma kidogo, nilijibu haraka. Ulisema besi inadunda vizuri. Sasa besi nayo kwenye nyimbo nyingi inawekwa katikati sawa na mwimbaji. Ingekuwa ni pini, besi nayo ingepungua. Na wewe iliyobaki nzima ni besi. Halafu mpangaji anasikia mpaka ng'ambo ya ukuta. Mkuu mimi sina cha kufungua hapo na bisibisi.

Dada_Wodini
Nimesoma kimya tangu juu. Kaka yangu usichukie, lakini masikio yako umeyapima lini? Usikivu ukianza kushuka kwa makelele au umri mara nyingi zinatangulia kuondoka sauti nyembamba, s, f, sh, t, k. Zile nzito zinabaki, ndiyo maana ngoma na besi unazipata. Mtu anasema "pesa" wewe unasikia "pe...a", unajua anaongea ila hujui anasema nini. Ukiongeza volyumu unaongeza besi kwa mpangaji, herufi hazirudi. Inaweza pia kuwa nta tu imejaa, hiyo inaondolewa siku hiyo hiyo, ila usichokonoe na njiti wala ufunguo unaisukuma ndani zaidi. Na ingekuwa imekata ghafla sikio moja ningekwambia nenda leo leo usilale nayo, hiyo ina dawa ikiwahiwa ndani ya siku chache. Unafanya kazi gani?

Ndizi_Mshare
Masikio yangu mazima dada. Simu naongea vizuri kabisa.

Dada_Wodini
Simu unaweka sikio gani?

Mwl_Mstaafu
Haya ndiyo yale niliyosema. Makelele. Disko.

Jicho_la_Tatu
Wakuu samahani kuwakatisha, HII NI CHAI. Na imetiwa tangawizi. Mimi nakaa Pasua hii hii. Jana umeme ulikatika saa moja kasoro ukarudi saa nne usiku, mke wangu amepika kwa tochi ya simu. Huyu bwana saa mbili usiku anaangalia taarifa ya habari kwenye desktopu. Desktopu haina betri. Inatumia kuni? Halafu angalieni uzi wote, kila tukimpeleka kwenye tatizo yeye anarudi kwenye sabufa kubwa, mara wati mara futi 12 kwa 12. Huyu ni muuzaji, kesho ataweka namba ya simu.

Kijenge_Juu
Aisee. Hata mimi ile ya kuchoka vyote pamoja ilinigusa.

Mbege_Baridi
Naleta vitumbua, chai isipoe.

Ndizi_Mshare
Jicho_la_Tatu usinivunjie heshima mbele za watu, mimi ni mtu mzima nina watoto watatu. Umeme jana ulikatika kwenu huko kwenye laini ya nyumba. Sisi tuko laini nyingine ya fezi tatu kwa sababu ya mashine ya kusaga iko hapa hapa uani, jana mashine imesaga mpaka saa tatu usiku, muulize yeyote aliyeleta mahindi. Nipo na hiyo mashine tangu 2014, wewe unaiita kazi ya mtu chai. Kompyuta iko kwenye kile chumba kinachopakana nayo.

MamaWawili
Haaa.

fundi_Pini
Mashine ya kusaga. Tangu 2014.

Jicho_la_Tatu
Mashine ya uani pale karibu na njia panda? Ile naijua, inasikika mpaka kwangu. Bado hujanijibu kuhusu sabufa.

Dada_Wodini
Kaka, hiyo ndiyo nilikuwa naisubiri. Makelele ya kuanzia desibeli 85 ukikaa nayo saa nane kwa siku, miaka inavyokwenda yanakula masikio, na kila zikiongezeka tatu muda salama unakatika nusu. Huna kipimo? Kama mtu amesimama mkono mmoja mbele yako na inabidi umpazie sauti, imeshavuka. Wateja wako si mnaongea kwa ishara? Wewe unasimama upande gani wa mota?

Ndizi_Mshare
Mota iko kushoto kwangu, mkono wa kulia ndio unamimina mahindi. Lakini zile ni kelele za kazi, nimezizoea, siku hizi wala sizisikii.

Mwl_Mstaafu
Hapo mwanangu soma tena ulichoandika.

Dada_Wodini
Fanya kitu kimoja usiku huu. Chukua hedifoni za simu, weka mtu anaongea siyo mziki, sikiliza upande gani uko chini. Halafu geuza, ya kushoto iende sikio la kulia na ya kulia iende la kushoto. Udogo ukihamia upande mwingine, hedifoni ni mbovu. Ukibaki pale pale, basi.

Mbege_Baridi
Nipo nimekaa paleee nasubiri mrejesho.

Ndizi_Mshare
Samahani kwa kuchelewa. Nimegeuza mara nne. Ya kushoto nikiiweka kulia inaongea safi, ya kulia nikiiweka kushoto inakuwa ya chini. Udogo hauhami. Nikasema labda ni hedifoni za bei rahisi, nikamwita binti yangu wa darasa la nne asimame nyuma yangu asome kitabu chake cha shule kwa sauti ya kawaida, mimi nimeziba sikio la kulia kwa kidole. Akaanza kusoma. Baadaye nikamwambia mbona umeacha. Akasema baba sijaacha. Nikatoa kidole alikuwa katikati ya sentensi.

Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni. Hajasema kitu, ameenda kuzima sabufa.

MamaWawili
Pole sana baba.

Dada_Wodini
Pole kaka. Wiki hii usiache. Anzia hospitali ya Mawenzi waangalie kama ni nta, ikiwa siyo nta watakuelekeza hospitali ya KCMC kuna kitengo cha masikio, pua na koo, watakupima kwa ile mashine ya milio. Kilichoondoka na kelele huwa hakirudi, ila lililobaki unaweza kulilinda, na vifaa vya kusikilizia vipo. Na kesho kabla hujawasha mashine tafuta vya kuziba masikio, vile vya mafundi wa kukata vyuma. Pamba haitoshi.

fundi_Pini
Na kwenye kompyuta mkuu, kuna setingi ya kuunganisha kushoto na kulia viwe kimoja, ukitumia hedifoni sikio zima litapata kila kitu. Kuna na maandishi chini ya video washa. Hiyo bure. Na ile elfu 40 kadai.

Ndizi_Mshare
Nimempigia jamaa, kwa sikio la kulia. Anasema hela iliyotangulizwa hairudi, nimalizie nichukue mzigo au niiache. Nimefikiri nikaona nimalizie tu halafu niiuze. Kwa hiyo kama kuna mtu Moshi au Arusha anahitaji sabufa kubwa mpya haijafunguliwa boksi, laki na sitini, tunaweza kuongea.

Jicho_la_Tatu
Si niliwaambia.