Jengo la mzee la 1961 huku tao: tulivalishe kioo cha buluu ama tukarabati?

MtotoWaTao
Niaje wasee, naombeni maoni kabla sijaingia kwa deni. Mzee alituachia jengo la orofa nne hapa chini ya Tom Mboya Street, Nairobi, lilijengwa 1961, chini maduka juu maofisi. Wapangaji wa juu wamebaki wawili tu, fundi cherehani na wakili mmoja mzee ambaye nadhani alikuja na mawe ya msingi. Mbele linaangalia magharibi na lina vile vibao vya simiti vimesimama wima kama mbavu mbele ya madirisha, na madirisha yenyewe ni yale membamba ya chuma yenye mshikio wa shaba. Sasa mbavu tatu hivi zimepasuka mpaka vyuma vinaonekana, mwezi wa nne kipande kama mkate kilianguka barabarani usiku, Mungu ni nani hakukuwa na mtu.

Kontrakta mmoja anasema tukate mbavu zote, tung'oe madirisha, mbele tuvalishe kioo cha buluu na paneli za alumini, ndani tuweke taili juu ya sakafu ya zamani halafu tugawe orofa ziwe vistoli. Ndugu zangu wamependa sana, brathe mkubwa ameshaanza kuonyesha watu picha kwa simu. Mimi roho inakataa lakini sina hoja, nikisema ni kazi ya mzee wananicheka. Kuna mtu amewahi kukarabati jengo la miaka hiyo na hakufilisika?

Kokoto_na_Mchanga
Pole kwa mzee. Kabla ya mambo ya sura, kesho asubuhi weka kinga ya mbao na mabati juu ya njia ya watu. Kipande kingine kikianguka saa saba mchana hapo Tom Mboya sahau hiyo habari ya kioo.

Halafu hiyo simiti haijazeeka vile watu husema, ni kutu. Simiti ikiwa mpya ina ukali kama wa magadi na huo ukali ndio unalinda chuma, lakini hewa ya kaboni inaingia kutoka nje pole pole mwaka baada ya mwaka, ikishafika kwa chuma ulinzi umeisha, maji kidogo tu kinashika kutu, na kutu huvimba kuliko chuma chenyewe kwa hivyo inasukuma simiti mpaka ibanduke. Mbavu ni nyembamba, chuma kiko karibu na uso, ndio maana zimeanza kwanza na nguzo huenda bado ziko poa. Chukua nyundo ndogo ugonge kila mbavu juu mpaka chini. Ikilia ngumu achana nayo, ikilia kama debe tupu weka alama ya chaki. Injinia ana dawa inaitwa fenoftalini, anavunja kidogo anapuliza, penye kugeuka waridi chuma bado kina ulinzi, pasipobadilika hewa imeshafika.

Kurekebisha ni kuchimba mpaka NYUMA ya chuma (hapa ndio mafundi wengi huiba, wanapaka plasta juu, mvua mbili hivi iko chini tena), kusugua kutu yote, kupaka dawa ya kuzuia kutu, kisha kujaza mota maalum ya ukarabati, sio mchanga na simiti ya kukorogewa hapo chini kwa karai. Chuma kilicholiwa sana injinia aamue. Na panda kwa paa uone maji yanatoka wapi, bila hiyo unafukuza moshi na moto unauacha.

BiasharaKwanza
Nitasema ukweli mchungu. Mpangaji halipi kodi kwa sababu ya mbavu. Stoli kumi ndogo zinaleta pesa kuliko ofisi moja kubwa, hiyo hesabu hata mtoto anaijua, na jengo lenye kioo linaonekana jipya hata kama choo ni cha 1961. Sikatai ni zuri lakini uzuri haulipi benki. Msikilize brathe.

dada_wa_plani
@BiasharaKwanza kuhusu chini uko sawa, maduka yabaki. Huko juu sasa fikiria jua la magharibi. Saa tisa mpaka saa kumi na mbili linaingia likiwa chini, yaani kibao cha kulala juu ya dirisha hakisaidii, kinachosaidia ni kitu cha wima, na hizo mbavu ndizo zinafanya hiyo kazi. Ukizikata ukaweka kioo kilichofungwa mwezi wa pili wapangaji watataka eya kondishen, na bili ya stima hutamtumia kontrakta. Hawa watu wa miaka ya hamsini na sitini walijua jua la hapa, angalia kazi za Amyas Connell, yule wa New Zealand aliyechora Bunge na hospitali ya Aga Khan, kivuli kimefanywa kuwa pambo.

Na kioo pia huzeeka jamani. Lever House ya New York iliisha 1952, karibu yote ni kioo, na baadaye maji yakaingia nyuma ya fremu, chuma cha ndani kikashika kutu kikavimba kikapasua vioo, ikabidi ngozi yote ya nje ibadilishwe. Shida ni ile ile yako, ila yako inarekebishwa mbavu kwa mbavu.

Kitu kingine, kama silingi ama mabomba yanaweza kuwa ya asbesto USIRUHUSU mtu aguse na grainda. Inatolewa na watu wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira.

Puti_na_Msasa
Madirisha ya chuma mimi ndio kazi yangu. Mengi hayafungi kwa sababu ya rangi, sio kuoza, kila mwenye nyumba amepaka juu ya mwingine tangu uhuru. Toa rangi kwa dawa, usisugue kavu maana ya zamani huwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, paka redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), weka puti mpya, bawaba tia mafuta. Palipoliwa chini nakata nachomelea kipande. Hiyo alumini nyepesi ya siku hizi nimeitoa kwa majengo ya juzi juzi tu. Ile mishikio ya shaba hesabu iko mingapi kabla fundi yeyote hajaingia, nisikudanganye, hupotea.

MtotoWaTao
Asanteni sana wasee. Kinga imewekwa jana. Leo nimepanda kwa paa na brathe, mtaro wa paa umezibwa na majani na mpira wa watoto, sijui ulifikaje orofa ya nne, na maji yamekuwa yakimwagikia zile mbavu tatu tu. Tumegonga zote ishirini na nne, zinazolia debe ni tano. Wakili akatuita ofisini kwake, akakunja kona ya kapeti, chini ni tirazo, ile sakafu ya simiti na vipande vya mawe iliyosuguliwa, nyeusi na nyeupe imefungwa kwa mistari ya shaba, haina hata ufa. Brathe alinyamaza kidogo, halafu akauliza mashine ya kusugua hukodishwa kwa siku ama kwa masaa.