MRI ya skizofrenia: naona ugonjwa, dawa au kichwa kutikisika?

Nuru_M
Wakuu, nina MRI ya utendaji (picha za ubongo ukiwa kazini) ya wagonjwa 30 wa skizofrenia, ugonjwa wa akili, na watu 30 wenye afya, wote wakiwa wamepumzika tu mashineni. Kwa wagonjwa, mawasiliano kati ya sehemu za ubongo zilizo mbalimbali ni hafifu, na hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ni ndogo. Wagonjwa wote wanatumia dawa. Naweza kuziita alama za ugonjwa?

Tabibu_Pwani
Bado, mkuu. Kagua kwanza mtikisiko. Kichwa kikisogea, mawasiliano ya mbali huonekana yamepungua na ya karibu yameongezeka, hata kwa mtu mwenye afya kabisa. Wagonjwa husogea zaidi, hasa haloperidoli, dawa ya skizofrenia, inapowanyima utulivu. Pima msogeo kutoka picha moja hadi inayofuata. Tupa zinazozidi mm 0.5, au 0.2 ukitaka ukali. Asiyebakiwa na angalau dakika 5 za data safi, mtoe. Halafu linganisha wastani wa msogeo wa makundi yote mawili. Ukitofautiana, matokeo hayo usiyaamini. Picha za umbo nazo haziponi: mtikisiko hufanya unene wa gamba la ubongo na ujazo wake uonekane umepungua.

Hakikisha pia hawakupigwa kwa mashine tofauti, wagonjwa huku na wenzao kule. Kosa hilo hakuna hesabu inayolisafisha.

Hesabu_Kwanza
Kuhusu hipokampasi: ENIGMA, ushirika wa watafiti wa picha za ubongo, mwaka 2016 ililinganisha wagonjwa 2,028 na watu 2,540 wenye afya, ikapata tofauti ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi watu wanavyotawanyika) 0.46 tu. Ukichukua mgonjwa mmoja na mwenye afya mmoja bila kuchagua, mgonjwa ndiye mwenye ndogo mara 63 hivi kati ya 100. Kwa hiyo kumtambua mtu mmoja kwa picha haiwezekani. Kwa 30 kila upande, tofauti hiyo ungeikosa zaidi ya nusu ya mara. Unahitaji takribani 75 kila upande.

Nuru_M
Na dawa nizitenganishe vipi?

Tabibu_Pwani
Kwa wagonjwa wote mliowapima, kikamilifu huwezi. Nyani waliopewa haloperidoli au olanzapini, dawa nyingine ya skizofrenia, kwa miezi 17 hadi 27 walipungua uzito wa ubongo kwa asilimia 8 hadi 11. Ila si dawa pekee: vyumba vya maji ya ubongo vya wagonjwa vilionekana vimepanuka tangu 1927, kwa eksirei, ilhali klopromazini, dawa ya kwanza ya aina hii, ilianza kutumika 1952. Kwenye hesabu, geuza dozi ya kila mgonjwa iwe kipimo sawa cha klopromazini (olanzapini mg 5 ni sawa na mg 100 hivi), uone kama ujazo unafuata dozi. Ukifuata, bado kuna mtego, kwani aliyezidiwa ndiye hupewa dozi kubwa. Kundi la kutafuta ni la wanaougua mara ya kwanza, kabla hawajaanza dawa.