Mrejesho: mzee wetu tumemzika Busia

Shikamooni wakubwa. Niliuliza wiki tatu zilizopita: baba mdogo kafariki Kampala, aliwahi kusema achomwe, ukoo unataka azikwe kwao. Tufanyeje?

Mahali pa kuchomea papo, pale Lugogo, pa jumuiya ya Wahindu. Nilikwenda mwenyewe, wakanipokea kwa heshima. Kilichotukwamisha ni kwamba mzee hakuacha maandishi. Alisema kwa mdomo tu, tena akicheka. Shangazi aliposikia neno "moto" aliketi chini sebuleni akakataa hata chai. Nikajaribu kumwambia kwamba hata sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa Jinja, chanzo cha Nile, mwaka 1948. Akanijibu: "Huyo Gandhi alikuwa mdogo wangu?" Sikuwa na la kusema.

Makaburi ya mjini hayakujadiliwa hata dakika tano. Tukakodi gari. Kutoka Kampala hadi Busia ni kama kilomita 200, kwa hiyo tulitoka mochwari saa kumi alfajiri, kabla msongamano wa Mukono haujaanza. Karatasi ya hospitali ya kifo tulitoa nakala nyingi. Mtaihitaji tena NIRA, ile mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda, mkifuata cheti cha kifo.

Majirani Waganda walileta mabugo, ile pesa ya rambirambi yenye jina la nguo ya gome la mti. Ndiyo iliyolipa mafuta.

Mjane ameshaandika wosia wake. Hataki kuonyesha mtu.