Theluji ya Kilimanjaro: asubuhi nimeiona, jioni hamna kitu

MtotoWaMajengo:
Salaam wanajamvi. Wiki jana nilikuwa Taveta harusini, na mie mtu wa Mombasa baridi naijua ya friji tu. Basi mvua ikanyesha usiku kucha, alfajiri natoka nje na mswaki mdomoni, natazama juu, wallahi mlima wote mweupe pepepe, hadi kile kilele cha mbele chenye meno meno. Nikasema ninywe chai kwanza kisha nipige picha. Kurudi saa nne mawingu yashafunga, jioni yakafunguka kidogo naona mawe meusi matupu. Sasa ile imeenda wapi siku moja? Na mbona shemeji yangu wa huko aniambia Julai, kwenye baridi yenyewe, haianguki sana?

KondaWaVoi:
Chai imekuponza ndugu yangu 😂 Hicho chenye meno ni Mawenzi, mita 5149, na hakina barafu ya kudumu. Kwa hivyo ukikiona cheupe jua ni theluji mpya ya usiku huo, hakuna mjadala. Ile ya Kibo, kile kilele kirefu zaidi, ndio ya kuchanganya, kwa sababu kuna barafu kuukuu inayokaa mwaka mzima, na hiyo nayo yaisha, tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 imepotea.

BintiKisauni:
Hiyo si mvua ya mawe? Nyahururu 2008 ardhi iligeuka nyeupe watu wakasema theluji kumbe mawe.

KondaWaVoi:
Dada, ya Nyahururu kweli ilikuwa mawe, lakini huko juu hesabu yake ni nyingine. Kila ukipanda mita 1000 joto lapungua kama digrii 6, sasa Mombasa ikiwa 30, kule Kibo kwenye 5895 ushafika chini ya sifuri. Baridi iko huko mwaka mzima, kinachokosekana ni maji. Ndio jibu la Julai hilo, kusi limevuma, kukavu, theluji itoke wapi? Ngojea masika ama vuli, tukinyeshewa huku chini kule juu yashuka meupe. Na kupotea ni jua la karibu na ikweta, lapiga wima, nyingine yayeyuka na nyingine yageuka mvuke hapo hapo bila hata kuwa maji.

BabuWaRabai:
Vijana, usibishane na aliyeona. Rebmann, yule mmishenari wa hapa kwetu Rabai, aliiona Mei 1848, akiwa na Bwana Kheri wa msafara. Kiongozi wake alipoulizwa ule weupe ni nini akamjibu baridi tu, basi. Habari zilipofika Uingereza, Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi hata kukanyaga huku, akakataa katakata. Na mwaangalie mwezi wenyewe: Mei, masika.

MtotoWaMajengo:
Babu shikamoo, hiyo ya Rabai sikuijua na nimesoma huko huko karibu 🙈 Haya, nikirudi nifanyeje nijue imeanguka kiasi gani?

KondaWaVoi:
Kina chake huwezi ukiwa Taveta, hiyo yataka ubao bapa na rula huko huko juu pasipo upepo. Wewe shika mstari: theluji imeshuka hadi wapi. Simama pahali pamoja kila siku, weka nguzo ya stima kwenye picha iwe alama yako, saa kumi na mbili asubuhi kabla mawingu hayajapanda, uandike pia kama usiku ulinyeshewa. Siku nne tano tu utaona mstari wapanda wenyewe.

MtotoWaMajengo:
Sawa. Shemeji nshamwambia aniwekee ngazi ya paa. Mswaki utangoja, na chai pia.