Mandari ya volkeno kutoka Malindi: Tsavo Magharibi au Naivasha?

Mama Munira

Assalaam aleikum wadau. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita huko. Likizo ya Agosti, inshallah, twataka kuitoa familia Malindi twende bara kwa siku mbili. Safari hii hatutaki kushinda garini tukichungulia ndovu dirishani. Twataka kutembea kwa miguu. Binti yangu yuko sekondari na somo la volkeno limemuingia kichwani, kutwa ni kasoko, lile shimo la volkeno, na lava, mawe ya moto yaliyoyeyuka. Nataka akaikanyage kwa mguu wake, si kuiona kitabuni tu.

Shida ni kwamba nguvu zetu hazilingani. Twaenda na mavyaa wangu, goti lamsumbua, na kitinda mimba wetu ana miaka sita. Mume wangu asema Naivasha, yaani mlima Longonot na mbuga ya Hell's Gate, kwa kuwa huko mtu ashuka garini akatembea apendavyo. Mimi naona ni mbali mno kwa siku mbili, na nimesikia Tsavo Magharibi pia kuna volkeno. Je, kuna pa kutembea kweli au ni gari tu? Na chakula tukilie wapi? Mandari nimeyazoea ya ufuoni, watandika mkeka kivulini na mambo yameisha.

Mwalimu wa Ramani

Waaleikum salaam dada. Kwa watu ulionao, nendeni Tsavo Magharibi bila kusitasita. Ni kweli sehemu kubwa ya mbuga ile huruhusiwi kushuka garini, lakini zipo sehemu zilizotengwa kwa miguu, na bahati nzuri hizo ndizo za volkeno.

Kwanza ni kasoko ya Chaimu. Ni kilima cheusi tititi, kimejengwa na vijiwe vyepesi vyenye matundu vilivyorushwa juu volkeno ilipolipuka, vikaanguka na kurundikana. Kupanda si mbali, ila mguu wazama mpaka kifundoni na kila hatua yakurudisha nyuma kidogo. Mwambie binti aokote kijiwe kimoja akipime mkononi, ataona kilivyo chepesi kuliko anavyodhani. Yale matundu ni gesi iliyokuwa ikitoka wakati jiwe lapoa. Kisha akirudishe pale pale, maana kutoa kitu mbugani hairuhusiwi.

Pili ni lava ya Shetani, karibu na lango la Chyulu. Ule ni mto wa mawe wenye urefu wa kilomita 8 hivi na upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Ulitiririka miaka mia chache tu iliyopita, ndiyo maana mpaka leo haujaota miti ya maana. Wenyeji walioona moto ukitoka ardhini walisema ni kazi ya shetani, na jina likakaa. Hapo mavyaa wako hana haja ya kukwea chochote. Ashuke tu, asimame ukingoni, aone mwisho wa majani na mwanzo wa jiwe.

Tatu, na hii ndiyo yangu hasa, ni chemchemi za Mzima. Mvua ikinyesha juu ya milima ya Chyulu haikai juu, kwa sababu mwamba wa volkeno una vinyweleo kama sifongo. Maji yanazama, yanasafiri chini kwa chini, yanatokea Mzima yakiwa maangavu kabisa, zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Sehemu yake ndiyo inayokwenda Mombasa kwa bomba. Yanayobaki yanaingia mto Tsavo, Tsavo unakutana na Athi kuwa Galana, na Galana ukifika kwetu twauita Sabaki. Kwa hivyo sehemu ya maji yanayomwagika baharini hapo kaskazini ya Malindi ilianza kama mvua ya Chyulu. Mwonyeshe binti jambo hili akiwa amesimama pale pale chemchemini.

Nahodha wa Barabara Kuu

Shangazi, niongezee ya njia, maana mwalimu ameruka hapo. Msiingie Mombasa. Shikeni Kilifi, kateni Mavueni, mpite Kaloleni mtokee Mariakani. Mtakuwa mmeepuka foleni yote ya mjini. Kutoka hapo ni barabara kuu moja kwa moja, Voi kisha Mtito Andei. Ondokeni baada ya swala ya alfajiri ili mfike mapema na kupumzika kabla ya kuingia mbugani jua likipungua.

Kuna watu watakwambia pita lango la Sala ukatishe Tsavo Mashariki. Kwenye ramani yaonekana karibu, ni kweli, lakini hiyo ni mbuga nyingine yenye kiingilio chake, na ndani ni barabara ya vumbi na mwendo wa polepole. Kama lengo ni volkeno, siku nzima itakuishia njiani.

Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si pesa taslimu langoni. Lipeni mkiwa bado nyumbani kwenye mtandao mzuri, na kila mtu mzima achukue kitambulisho chake ili mtozwe kiingilio cha raia.

Kijana wa Mambrui

Mimi niko upande wa mzee wa nyumba, kwa heshima. Longonot haina mfano. Kilele chake ni mita 2,776. Kutoka langoni hadi mdomo wa kasoko ni kama kilomita 3, kisha waweza kuuzunguka mdomo wote, zaidi ya kilomita 7, huku msitu uko chini ndani ya tumbo la mlima na ziwa Naivasha laonekana upande wa pili. Binti anayependa volkeno akifika pale hatasahau maisha yake yote. Chaimu ni kilima tu.

Mwalimu wa Ramani

Longonot ni mlima mzuri na sibishani, lakini soma aliyoandika dada. Goti bovu na mtoto wa miaka sita. Njia ile ni vumbi jepesi lenye mwinuko mkali, kivuli haba, na maji hakuna njiani. Sisi watu wa pwani tumezoea usawa wa bahari. Ukitoka Malindi jana na leo uko juu ya mita 2,000, kifua chabana hata kama una miaka ishirini. Nani atabaki langoni na bibi saa tano nzima wakati wengine wanazunguka? Safari ya familia hupimwa kwa mwenye mwendo mdogo kuliko wote. Longonot mpe binti akimaliza mtihani, aende na wenzake.

Mama Munira

Shukran sana nyote. Kaka wa Mambrui, nimemwonyesha mume wangu ujumbe wako na amefurahi mno, lakini naona mwalimu amenishinda kwa hoja ya mavyaa. Niulize jambo moja zaidi: mume wangu asema tukiacha Longonot basi twende Hell's Gate pekee, kwa kuwa ni tambarare na kuna lile bonde jembamba la miamba ambalo watoto wameliona kwenye picha. Hilo laweza?

Mpenda Majabali

Dada, sehemu ya juu ya Hell's Gate ni ya watu wote. Ni tambarare, waweza kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, wapita mnara wa Fischer, ambao ni lava iliyogandia ndani ya koo la volkeno kisha mlima uliouzunguka ukaliwa na mmomonyoko. Hapo sina neno.

Lile bonde, Ol Njorowa, ndilo nakuomba usiwapeleke watoto mawingu yakiwa popote angani. Maji yamewahi kuua watu mle ndani, Aprili 2012 na tena Septemba 2019. Mvua hunyesha mbali, juu ya mlima, na aliye chini bondeni haoni hata tone, ghafla ukuta wa maji umemfikia. Mle kuta ni ndefu na mahali pa kupandia ni pachache. Nimeshuka mle na vijana wenye nguvu, na bado kuna sehemu tulivutana mikono. Bibi wa goti hawezi, na mtoto atabebwa. Hapo siongei kwa kutisha, naongea kwa kuwa wale waliokufa walikuwa kwenye matembezi kama haya yako.

Mpishi wa Barani

Habari ya chakula naona wanaume wameisahau. Mamangu, Mzima kuna tumbili, na hawaogopi mtu. Kulieni karibu na gari pale mnapoegesha, na msitembee na chakula mkononi kando ya maji, kwa sababu viboko na mamba wamo mle. Askari wa KWS huwa pale, mwambieni atembee nanyi mpaka kwenye kile chumba cha vioo kilichozamishwa majini, mkaone samaki wakipita. Njia yenyewe ni fupi na ina vivuli, bibi ataweza polepole.

Msibebe pilau la sufuria. Mkifunua tu, harufu imewaita nyani wote. Pikeni vikavu: mahamri, mkate wa sinia, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga aliyefungwa vizuri, na tende. Maji yawe kwenye jerikeni na chupa za chuma, maana tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji na sahani na vikombe, haziruhusiwi ndani ya mbuga. Mtazuiwa langoni na mchana utaanza kwa ugomvi.

Mkitaka kula mkiwa na mandhari, Poacher's Lookout iko juu ya kilima, na asubuhi mbingu zikiwa safi Kilimanjaro yaonekana. Chai ya tangawizi mahali pale ni neema tupu.

Mama Munira

Allah awalipe. Tumekaa na mume wangu tukakubaliana. Siku ya kwanza twafika Mtito, jioni Chaimu. Siku ya pili chai ya asubuhi Poacher's Lookout, Shetani kabla jua halijawa kali, kisha Mzima mchana kwa sababu ndiko kuna kivuli, halafu twarudi kulala Mtito. Kesho yake nyumbani. Zimekuwa siku tatu badala ya mbili, lakini mavyaa mwenyewe ndiye aliyesema tusikimbizane. Binti ndara zake nimemwambia aziache, atavaa raba za shule.

Nahodha wa Barabara Kuu

Raba ni sawa kwa Chaimu, ila Shetani mawe yanakata, kwa hivyo mtoto mdogo asiachwe akimbie juu yake, akianguka mikono itachanika. Chukueni glavu za bustani mkiwa nazo. Na tangi lijazeni Mtito kabla ya kuingia, kila asubuhi, hata kama sindano yaonyesha nusu.